Kwa Nini Sokwe Alifika Ugalla na Gorila Hakufika

Liko swali lisilokoma kuulizwa katika nchi iliyo baina ya Tabora na Ziwa Tanganyika, nalo huulizwa na watu wa kila tabaka, wanafunzi kwa walimu wao, wageni kwa waongozaji wao, na wasomaji wa magazeti kwa wahariri: je, misitu ya magharibi ya Tanzania inao gorila? Wako wajibuo kwa yakini kwamba wamo, na wakitakiwa dalili huzitaja Gombe na Mahale. Wako wasemao kwamba walikuwamo zamani za misafara ya pembe, kisha wakamalizwa na bunduki. Na wako wadhanio kwamba gorila na sokwe ni hayawani mmoja, hawana tafauti ila ya ukubwa wa mwili. Jibu la swali lenyewe ni fupi. Hakuna gorila hata mmoja aishiye mwituni katika Tanzania, na wale wa Gombe, Mahale, Masito na Ugalla wote ni sokwe. Lakini jibu hilo fupi huzaa swali refu zaidi, ambalo wataalamu wamelitolea hoja zisizopatana: kwa nini sokwe alifika mpaka ukingoni mwa Unyamwezi, katika miombo mikavu ambayo kwa mwezi baada ya mwezi haipati tone la mvua, ilhali jamaa yake mkubwa, mwenye nguvu kumshinda mara nyingi, aliishia katika milima ambayo msafara wa zamani ungeweza kuifikia kutoka mpaka wetu kwa majuma machache tu?

Chimbuko la mkanganyiko

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Mgunda Mkali hadi Tabora, kisha ikashika magharibi kwa Uvinza yenye chumvi mpaka Ujiji, haikuishia ufukoni mwa ziwa. Wafanya biashara wa Kiarabu na wa Kiswahili, pamoja na wapagazi wa Kinyamwezi ambao pasipo mabega yao biashara ile yote isingalikuwako, walivuka kwa mashua wakaingia Manyema kutafuta pembe za ndovu, na pamoja na pembe wakarudi na habari za mnyama mwenye umbo la mtu, aitwaye soko. David Livingstone, aliyetembea Manyema tangu 1869 hadi 1871, aliandika mengi juu ya mnyama huyo katika shajara yake, na mara kwa mara akamtaja kwa jina la gorila; na shajara hiyo, aliyokuwa akiendelea kuiandika katika tembe la Kwihara karibu na Tabora kwa miezi kadhaa ya mwaka 1872, ilichapishwa London mwaka 1874, baada ya mwenyewe kufariki dunia. Waliosoma maelezo yake baadaye, wakayalinganisha na wanyama wenyewe wa nchi ile, aghlabu wameafikiana kwamba soko wa Manyema alikuwa sokwe. Hata hivyo neno likiisha pigwa chapa ni zito kulifuta, na dhana kwamba njia ya Tabora na Ujiji ilikuwa njia ya kwendea nchi ya gorila imedumu tangu siku hizo.

Sababu ya pili ni ya siasa, nayo haitajwi vya kutosha. Gorila wa milimani aliingia katika vitabu vya wanazuoni wa Ulaya kwa mkono wa Mdachi, Kapteni Robert von Beringe, ambaye mwezi wa Oktoba 1902, akiwa safarini kutoka Usumbura, alipiga gorila wawili kwa bunduki katika mlima Sabinyo. Mwaka uliofuata Paul Matschie wa Berlin akampa mnyama huyo jina la kitaalamu lenye kumkumbuka kapteni. Siku hizo Ruanda ilihesabiwa kuwa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ambayo makao yake makuu yalikuwa Dar es Salaam, na mikataba ya mwaka 1910 ilipoigawanya milima ya volkeno ya Virunga baina ya Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, miteremko ya upande wa Ruanda ilibaki mikononi mwa Wajerumani. Kwa hiyo kitabu cha zamani kisemacho kwamba gorila yumo katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani hakisemi uongo. Ni mipaka iliyohama, na mnyama akabaki alipokuwa. Majeshi ya Wabelgiji yalishuka kutoka Ruanda na Kongo yakaitwaa Tabora mwezi wa Septemba 1916, na baada ya vita Ruanda na Urundi zikatengwa na Tanganyika. Na msomaji wa leo, akikuta gorila katika orodha ya wanyama wa koloni ambalo sehemu yake kubwa imekuwa Tanzania bara, hana budi kuchanganyikiwa.

Mambo ya karibuni yameongeza utata. Utafiti wa gorila na wa sokwe umekuwa na wazazi wamoja: Louis Leakey ndiye aliyempeleka Jane Goodall Gombe mwaka 1960, na ndiye pia aliyemwezesha Dian Fossey kuanza kazi ya gorila mwaka 1967, na Wajapani Kinji Imanishi na Junichiro Itani walikuja Afrika mwaka 1958 kwa madhumuni ya kumsoma gorila, ila machafuko ya Kongo ya mwaka 1960 yakawafungia njia, wakageukia sokwe wa Tanganyika, na kwa mgeuko huo ukapatikana utafiti wa Mahale ulioanzishwa na Toshisada Nishida mwaka 1965 na unaoendelea hadi sasa. Majina haya yakitajwa pamoja, mahali napo huchanganywa. Na lugha yetu, ambayo mara humwita sokwe yule wa Gombe na mara yule wa Virunga, haikusaidia.

Maisha ya gorila porini

Hoja zote tatu zitakazofuata zimejengwa juu ya mwenendo wa mnyama mwenyewe, na kwa hiyo yafaa kumweleza kwanza kwa utulivu. Gorila wa magharibi huishi tangu mpaka wa Nigeria na Kamerun hadi Gabon na Kongo ya Brazzaville. Gorila wa mashariki, ambao ndio jirani zetu, wana matawi mawili: gorila wa milimani, walioko katika volkeno za Virunga na katika msitu wa Bwindi nchini Uganda, na gorila wa Grauer, wasiopatikana popote ila Kongo ya mashariki, katika Kahuzi-Biega, Itombwe, Maiko na misitu iliyo jirani. Hesabu zilizofanywa baina ya 2015 na 2018 zilipata gorila wa milimani 1,063, idadi ndogo lakini yenye faraja, kwa maana mwaka 1981 Virunga nzima ilikuwa na 254 tu. Ndugu zao wa Grauer hawakupata heri hiyo, kwa kuwa vita vya Kongo tangu miaka ya 1990 vimeingiza bunduki na wachimba madini mpaka ndani kabisa ya makao yao.

Gorila huishi kwa jamaa. Katikati ya jamaa husimama dume mkubwa ambaye nywele za mgongo wake zimegeuka rangi ya fedha, mwenye uzito ukaribiao au uzidio kilo 160, karibu mara mbili ya jike, na huyo ndiye aamuaye wakati wa kuondoka, njia ya kupita, mahali pa kupumzika na saa ya kulala. Majike humfuata yeye kuliko wanavyofuatana wao kwa wao. Na jike kijana akikua huhama, akaenda kwa dume mwingine au kwa dume apwekeaye bado bila jamaa, kwa hiari yake, pindi jamaa mbili zinapokutana. Mtoto huzaliwa mmoja kwa kawaida, baada ya mimba ya miezi minane na nusu hivi, na mama hachukui mimba nyingine mpaka mtoto ameanza kujitegemea, hata mwachano wa uzazi hufika yapata miaka minne. Dume afapo pasipo mrithi, jamaa husambaa, na watoto wachanga huweza kuuawa na dume mgeni atakayewachukua mama zao. Ukali mkubwa wa gorila, basi, ni wa kulinda kizazi. Ama kule kupiga kifua, ambako wasafiri wa zamani walikusimulia kama tangazo la vita, aghlabu ni taarifa: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 juu ya gorila wa Ruanda ulionyesha kwamba mlio wa dume mwenye mwili mkubwa huwa mzito zaidi, hata asikiaye kwa mbali hupata kujua kimo cha mwenzake na kuepuka ugomvi.

Siku ya gorila wa milimani ni ya kula na kupumzika. George Schaller, aliyekaa Virunga mwaka 1959 na 1960 akawatazama kwa utulivu uliowashangaza wenziwe, na Fossey baada yake, walieleza utaratibu ule ule: kula asubuhi, mapumziko marefu mchana jua likiwa juu, kula tena alasiri, kisha kila mmoja kujitengenezea tandiko jipya la majani, mara nyingi papo hapo chini. Mwendo wa kutwa aghlabu haufiki kilomita moja. Chakula ni majani, mashina laini, mimea iwashayo, michongoma na machipukizi ya mianzi, na dume mkubwa huweza kula kilo zikaribiazo 30 kwa siku. Na kwa kuwa mimea hiyo imejaa maji, gorila wa milimani ni nadra kuonekana akinywa mtoni. Mahali penye matunda, kama Kahuzi na Bwindi, hula matunda kwa pupa na hupanda miti kuyafuata, na hutembea zaidi. Lakini matunda yakikoma hurudi kwenye majani na mashina, ambayo hayakosi. Hili la mwisho ndilo shina la mjadala wote: gorila ni mnyama ambaye hazina yake ya akiba ni mmea mbichi wa ardhini, na hawezi kuwa mbali nao hata mwezi mmoja wa mwaka.

Hoja ya kwanza: chakula na hali ya nchi

Wenye hoja hii husema kwamba hapana haja ya kutafuta sababu ya mbali. Nchi iliyo baina ya ziwa na Tabora ni nchi ya miombo. Mvua hunyesha kwa miezi kama sita, kisha hukatika tangu Mei hadi Oktoba. Nyasi hukauka, moto wa pori hupita, na ardhi hubaki nyeusi. Misitu mibichi imebaki mabondeni na kandokando ya mito tu, na katika Ugalla ni sehemu ndogo mno ya nchi, kama mbili kwa mia. Gorila akiwekwa hapo mwezi wa Agosti atakula nini?

Sokwe hula. Naye hula kwa sababu mwili wake ni mdogo, miguu yake ni myepesi, na jamii yake imeundwa kwa namna ambayo gorila hanayo. Jamaa ya gorila hutembea pamoja daima. Jumuiya ya sokwe hugawanyika na kukusanyika, leo wawili, kesho saba, keshokutwa mmoja peke yake, kadiri chakula kiruhusuvyo. Watu waliosafiri katika njia ya zamani wangeifahamu tafauti hii mara moja, kwa kuwa msafara mkubwa ulioingia Mgunda Mkali pasipo posho na maji ya kuutosha ulikuwa umejihukumu wenyewe, ilhali tarishi wawili waliweza kuvuka wakafika salama. Katika Ugalla sokwe wachache hutawanyika juu ya nchi ya makumi na makumi ya kilomita za eneo, wakifuata mikuyu ya mabondeni, matunda ya mibura na mbegu za miyombo yenyewe. Huvua mchwa kwa vijiti. Na mwaka 2007 watafiti walichapisha ushahidi kwamba huchimba mizizi na viazi vya porini kwa vipande vya miti, tena katika majira ya mvua, wakati ambapo chakula kingine kipo. Jambo hili liliwastaajabisha wengi, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba kuchimba ni kazi ya njaa.

Hoja hii ina nguvu kubwa. Yaeleza kwa nini gorila hayumo Ugalla, hayumo Masito, na hata kwa nini mabonde mabichi ya Gombe, yenye kilomita chache tu za eneo na kuzungukwa na vilima vya nyasi, yasingeweza kuzilea jamaa zake. Wengine huongeza la usalama: mnyama alalaye chini pamoja na watoto wake hawezi kulala salama katika pori la simba na fisi, ilhali sokwe hujenga kiota chake juu ya mti. Nakiri uzito wa neno hilo, ijapokuwa gorila walioko penye misitu mirefu nao hulala juu ya miti wapendapo.

Lakini hoja ya chakula ina tundu, na tundu hilo ni kubwa. Katika Ruanda ya kusini magharibi upo msitu wa Nyungwe, na umeungana na Kibira wa Burundi: msitu wa milima, wenye baridi, ukungu, mianzi na mimea mibichi mwaka mzima, yaani vyote ambavyo gorila huvipata Kahuzi, ng'ambo tu ya bonde la Ruzizi. Sokwe wamo Nyungwe na wamo Kibira. Gorila hawamo. Ikiwa chakula ndicho kila kitu, msitu huu ungalikuwa wao.

Hoja ya pili: mito, maziwa na historia ya misitu

Hapo ndipo wasimamapo watu wa hoja ya pili, wasemao kwamba mnyama hukaa si tu panapomfaa, bali pale alipoweza kufika. Misitu ya Afrika imepanuka na kusinyaa mara nyingi: nyakati za ukame mkuu ilijikusanya katika maficho machache, na nyakati za mvua ilienea tena. Gorila wa mashariki alienea kutoka magharibi, akakuta mbele yake bonde la ufa na ndani yake Ziwa Tanganyika, lenye urefu upatao kilomita 670 na kina kipitacho mita 1,400, na kaskazini yake bonde la Ruzizi lililo chini na lenye joto. Aliweza kuvuka mahali pamoja tu, kaskazini ya Ziwa Kivu, ambapo volkeno za Virunga zimesimama katikati ya ufa kama zilizojengwa kwa kusudi, zikaziba njia ya maji na kuligeuza ziwa hilo limwage maji yake kusini. Kwa daraja hilo la msitu wa baridi alipata Virunga, na kwa misitu iliyoungana nalo akapata Bwindi.

Ubora wa hoja hii ni kwamba yaeleza umbo la ramani, ambalo chakula peke yake hakilielezi. Tena tunao ushahidi wa karibu kwamba kufika ni jambo moja na kufaa ni jingine. Kati ya 1966 na 1969 Bernhard Grzimek na jumuiya ya wanyama ya Frankfurt walileta sokwe kutoka bustani za wanyama za Ulaya wakawaachilia katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, mahali ambapo sokwe hawakuwako. Waliachiliwa bila ya mafunzo ya kutosha ya mwituni, na juu ya hayo wakaishi, wakazaa, na vizazi vyao vimo kisiwani mpaka leo. Rubondo ilikuwa ikiwafaa sokwe miaka yote. Maji tu yaliwakataza.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, kizuizi kilichomzuia gorila hakikumzuia sokwe, ambaye yumo pande zote mbili za ufa, na katika nchi yetu yumo kaskazini na kusini ya mto Malagarasi. Pili, milima ya mgongo ugawao maji ya Kongo na Nile ilikuwa na msitu ulioelekea kuungana tangu jirani na Virunga, kupitia Gishwati, hadi Nyungwe, hata gorila aliyekwisha kuvuka ufa angaliweza kushuka kusini kwa miguu bila kuonana na Ruzizi. Kwa nini hakushuka, au kama alishuka, kwa nini hayuko? Mito na maziwa hayajibu.

Yafaa pia kukumbuka kwamba kutokuwako leo si dalili ya kutokuwako tangu azali. Mwaka 2005 yalitangazwa meno ya sokwe wa kale, ya miaka ipatayo nusu milioni, yaliyopatikana karibu na Baringo nchini Kenya, mahali ambapo hapana sokwe sasa. Na mwaka 2007 yakatangazwa kutoka Ethiopia meno ya nyani mkubwa wa kale zaidi, yenye kufanana na ya gorila. Udongo wa misitu hauhifadhi mifupa vizuri, na kwa hiyo ukimya wake haufai kuhesabiwa kuwa ushahidi wa upande wowote.

Hoja ya tatu: mkono wa binadamu

Hoja ya tatu ndiyo ipendwayo zaidi mitaani, kwa sababu ina mtuhumiwa. Husema kwamba gorila aliondoshwa na watu, na watu hao hutajwa kwa namna mbili tafauti ambazo hazifai kuchanganywa.

Namna ya kwanza yaihusisha misafara: bunduki, pembe, na njaa ya watu maelfu waliopita Tabora na Ujiji katika karne ya 19. Dhana hii naikataa. Misafara ilipita miomboni, katika nchi ambayo gorila asingeishi hata kama hapangekuwa na mtu. Na ingawa biashara ile iliangamiza ndovu wengi na kuwatesa wanadamu wengi zaidi, haikuacha habari, wala ngozi, wala fuvu lionyeshalo kwamba gorila aliuawa upande huu wa ziwa. Walioishi Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, na Ujiji walimjua soko kuwa mnyama wa ng'ambo, wa Manyema, na sioni sababu ya kuwasahihisha.

Namna ya pili ni ya kale na ya makini zaidi. Wakulima na wafua chuma wamekaa katika nchi za Maziwa Makuu kwa zaidi ya miaka 2,000, na kalibu za chuma hula makaa, na makaa hula msitu. Milima ya Ruanda na Burundi, ambayo sasa imelimwa mpaka vileleni, ilikuwa misitu. Gorila, azaaye polepole na asiyeweza kujificha kwa wepesi, huondoka mapema palipo na shoka na mbwa wa kuwinda, ilhali sokwe, mwenye hadhari na miguu myepesi, hubaki nyuma akijipenyeza katika vipande vya msitu. Kwa Gishwati na Nyungwe maelezo haya yana uwezekano wa kweli. Kasoro yake ni kwamba yategemea mnyama aliyewahi kuwako, na kuwako kwake hapo hakujathibitishwa. Na tena, katika Virunga na Bwindi, ambako watu walikuwa wengi vivyo hivyo, gorila alisalia.

Kuzipima hoja

Kosa la wengi walioandika juu ya jambo hili ni kuzifanya hoja hizi mahasimu, kana kwamba moja ikishinda nyingine haina budi kuanguka. Kwa maoni yangu ya kwanza na ya pili ni hoja moja iliyokatwa vipande viwili. Kizuizi hakina maana mpaka tujue ni kizuizi kwa nani. Bonde la Ruzizi, lenye nyasi na joto, kwa sokwe ni safari ya siku mbili tatu, akila kidogo hapa na kidogo kule, wawili wawili; kwa jamaa ya gorila, yenye dume la kilo 160 na watoto wanyonyao, isiyogawanyika na isiyotembea kilomita nyingi, ni mahali pasipo na chakula cha jioni. Mnyama mmoja alikuta njia pale pale mwenzake alipokuta ukuta, na ukuta ule ulijengwa na tumbo lake mwenyewe na namna ya kuishi pamoja. Kwa sababu hiyo sokwe aliweza kuzunguka ncha ya kaskazini ya ziwa, akashuka kwa Burundi, akavuka Malagarasi na kuishia Ugalla, ambapo hata yeye alifika mwisho wa uwezo wake katika nchi hii: huko idadi yake kwa kila kilomita ya eneo ni ndogo mno kuliko ya Gombe au Mahale, na mashariki zaidi, kuelekea Tabora, misitu ya mabondeni humwishia.

Hoja ya tatu naipa nafasi yake, lakini ni nafasi ya baadaye. Haielezi kwa nini gorila hakuja kwetu. Yaweza kueleza kwa nini mgongo wa Kongo na Nile hauna gorila. Na yaeleza kwa hakika kwa nini hawezi kuja sasa. Hata Virunga na Bwindi, ambazo damu ya gorila wake ni moja, zimetengwa na mashamba ya watu yasiyozidi mwendo wa siku moja, na hapana gorila avukaye.

Je, waletwe?

Wapo wanaouliza, wakitazama mapato ya Ruanda, ambayo tangu 2017 humtoza mgeni dola 1,500 kwa kibali cha saa moja mbele ya gorila: Rubondo ilipewa sokwe, kwa nini Mahale isipewe gorila? Swali si la kudharauliwa, kwa kuwa mikoa ya Tabora na Kigoma inahitaji mapato, na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 bado haijawaletea wageni wa kutosha. Lakini gharama yake ni nzito kuliko faida. Gorila wa milimani hafugwi katika bustani yoyote ya wanyama, hata atakayeletwa itabidi anyang'anywe jamaa iliyo hai katika idadi ya elfu moja tu. Mwili wake ni mwepesi kupata mafua na maradhi ya mapafu ya wanadamu, balaa ambalo sokwe wa Mahale walilionja mwaka 2006. Na akifika atashindana kwa matunda na sokwe wenyeji katika msitu ambao hakuzoea. Ni kweli kwamba Kahuzi, kama Juichi Yamagiwa alivyoonyesha, gorila na sokwe hupishana bila ugomvi mkubwa. Walakini kule wamezoeana kwa vizazi visivyohesabika, na mimea ya akiba ipo.

Fauka ya hayo, nchi yetu inacho ambacho Ruanda haina. Sokwe wa Ugalla, katika bonde la Issa ambako wanatazamwa na watafiti tangu mwanzo wa karne hii, ni miongoni mwa wachache duniani waishio katika nchi inayofanana na ile ambayo wazee wa kale wa binadamu wanadhaniwa kuipitia. Na taarifa ya mwaka 2022 kwamba sokwe hao, ingawa wanaishi katika nchi iliyo wazi, husimama kwa miguu miwili zaidi wakiwa juu ya miti kuliko wakiwa chini, imelazimisha vitabu vingi vipitiwe upya juu ya chanzo cha kutembea kwa mwanadamu. Na hawa ndio walio hatarini. Sehemu kubwa ya sokwe wa Tanzania, ambao hukadiriwa kuwa zaidi ya 2,000, huishi nje ya hifadhi za taifa; mto Ugalla umepewa hifadhi yake mwaka 2019, lakini misitu ya sokwe iko magharibi yake.

Hukumu hapa si nyepesi, kwa maana wanaoikata miombo wana haki zao. Urambo, makao ya mtemi Mirambo, ulijaribiwa kwa mradi wa karanga wa Waingereza baada ya vita kuu vya pili, ukashindwa; kilichobaki kikastawi ni tumbaku, na tumbaku ya kukaushwa kwa moto hudai kuni mwaka hadi mwaka, nayo ndiyo iliyosomesha watoto wengi wa Urambo, Kaliua na Sikonge. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipewa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakaigeuza misitu kuwa mashamba kwa jasho lao, na wengi wao sasa ni raia. Wafugaji nao wameshuka kusini na ng'ombe zao. Hapana hata mmoja wao afaaye kuitwa adui wa sokwe. Ila yako mambo yawezekanayo bila kumnyima mtu shamba: miti ya kuni kupandwa karibu na mabani ya tumbaku, misitu ya kandokando ya mito kuachwa hata pale miombo ya juu inapolimwa, na vijiji vya Masito na Tongwe kupewa nguvu ya sheria juu ya misitu ambayo tayari vimeitenga. Ile sehemu mbili kwa mia ya ardhi ya Ugalla iliyo mbichi ndiyo imlishayo sokwe wakati wa kiangazi, na ikilindwa hiyo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, yeye atajitafutia yaliyobaki.